Namba ya Mtoto wa Kocha

Kila mwalimu ana ugonjwa wake. Wa kemia anapenda moshi, wa historia anapenda maneno, na huyu wa jiografia tunayemzungumzia hapa anapenda kupanga watu. Mpe vijana kumi na mmoja na uwanja, hata kama uwanja wenyewe ni ule wa sekondari yake ya mlimani, ulioinamia upande mmoja kama meza iliyokatika mguu, na utamwona anasugua viganja kwa furaha. Wanafunzi walimbatiza jina la Mfumo, kwa sababu hakuna mechi aliyoicheza kwa mfumo wa mechi iliyotangulia. Leo nne-nne-mbili, kesho tatu-tano-mbili, keshokutwa kitu ambacho hata yeye hakuwa na jina lake, anasema tu kwamba leo tutajaza katikati. Na katikati hujaa kweli. Watu wanakanyagana pale, mpira unapita pembeni peke yake.

Mkewe naye ni mwalimu, wa fizikia, katika sekondari ya bondeni. Na naye, we acha tu, ni kocha. Huyo wanamwita Mama Kona, na jina lenyewe limeshamaliza kila kitu: vijana wake wanakimbia, wanatafuta kona, wakiipata wanafunga, wanarudi kutafuta nyingine. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na makocha wawili na timu mbili zinazokutana kila muhula. Hata kujuana kwao kulianza kwa ubishi. Walikuwa walimu wapya, wamesimama pembeni ya uwanja fulani, wakagombana kuhusu bao lililodaiwa kuwa la kuotea mpaka watazamaji wakaondoka, mpaka mlinzi akaja kufunga geti, na bao lile mpaka leo hawajakubaliana kama lilikuwa halali. Wakaona waoane tu, wapate muda wa kutosha wa kulimaliza.

Mfumo hakuwahi kumfunga mkewe. Narudia ili usidhani umesikia vibaya: hakuwahi. Sare alizipata, na sare moja aliisherehekea wiki nzima mpaka mama mkwe akapiga simu kuuliza kama kuna arusi.

Wiki ya mechi nyumba ilikuwa haikaliki. Mfumo alipanga kikosi chake kwa vifungo vya nguo, juu ya kitambaa cha plastiki cha meza ya chakula, kile chenye miraba, ambayo alisema inamsaidia kupima nafasi. Vifungo vyeupe ni vijana wake, vyeusi ni wa mkewe, na kifungo kikubwa cha koti ndiye kipa. Akisikia kandambili za mkewe zinatoka jikoni, anafunika uwanja mzima kwa gazeti na kujifanya anasoma matangazo ya vifo. Mama Kona anapita, anachukua chumvi, anasema kiungo wako wa kulia yuko mbali sana na wenzake, anarudi jikoni. Sasa mtu kama huyo utamficha nini?

Akahamishia mipango stoo, kati ya gunia la mkaa na baiskeli isiyo na tairi. Huko nako hakukukalika, maana asubuhi moja aliingia akakuta beki wake wa kati hayupo. Alimtafuta mpaka nyuma ya gunia, akatoka na masizi puani, akamkuta beki huyo kwenye kifua cha kijana wao, ameshashonwa kwenye shati la shule. Mama Kona alikuwa anakata uzi kwa meno. Alisema alidhani vifungo vile vimewekwa pale ili vishonwe, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

Kijana wao huyo ndiye aliyeileta habari hii yote. Alisoma shule ya baba yake, mrefu, mkimya, mpira anaupiga kwa mguu wa kushoto, na wenzake wakamwita Kushoto. Mchezaji wa namna hiyo shule nyingine zingempigania. Baba yake alimweka benchi. Na si kwamba hakujua kijana anaweza; alijua vizuri sana, na hapo ndipo palipomuuma. Mechi ya kwanza ya msimu alimchezesha, kijana akacheza hadi watu wakasimama. Jumatatu yake, kwenye chumba cha walimu, mwalimu wa historia akawa anakoroga chai yake taratibu, akauliza kama siku hizi kikosi kinachaguliwa uwanjani au kwenye meza ya chakula cha jioni. Mwingine akadakia kwamba hicho ni kikosi cha ukoo. Watu wakacheka, na Mfumo akacheka nao, lakini maneno yalimwingia mpaka mifupani. Mtu huyu anaogopa midomo ya watu kuliko anavyoogopa kufungwa. Tangu siku hiyo Kushoto akawa mtu wa kubeba chupa za maji na kupiga makofi.

Hapa lazima tusimame kidogo kwa ajili ya neno moja. Sisi watu wa mpira tuna neno linalofanya kazi ya maneno matatu na wala halilalamiki: namba. Namba ni ile tarakimu iliyoandikwa mgongoni mwa jezi. Lakini namba pia ni mahali pa mtu uwanjani. Ukisema fulani anacheza namba mbili, hata jezi yake ikiwa imeandikwa sitini, kila mtu anajua ni beki wa kulia. Na namba kumi ni yule fundi anayekaa nyuma ya mshambuliaji, akimpikia mipira. Halafu kuna kuwa na namba, yaani kuwa na nafasi yako kwenye kikosi cha kwanza, kiasi kwamba siku ya mechi hakuna anayejiuliza kama utacheza. Mtu anaweza kuwa na namba mgongoni na bado akawa hana namba. Ndivyo alivyokuwa Kushoto, karibu msimu mzima.

Basi jioni ya kuamkia mechi, Mama Kona yuko uani anapigana na jezi za timu yake, amezifua mwenyewe na mawingu yamemkatalia kuzikausha. Mfumo yuko stoo, amepiga magoti mbele ya vifungo. Kushoto akaingia, akasimama mlangoni, akamsubiri baba yake ainue kichwa.

"Baba, kesho nataka namba," alisema. "Nisipopata, muhula ujao nahamia shule ya Mama."

Mfumo aliuliza kama mama yake anajua. Kijana akasema anajua, na ndiye aliyemtuma aje kwa baba yake kwanza, kwa sababu yeye haibi wachezaji. Hilo la mwisho lilimchoma kuliko yote. Kufungwa na mkeo unaweza kuzoea, binadamu anazoea mengi. Lakini kufungwa na mkeo, mfungaji awe mwanao mwenyewe, kisha jioni mkae wote meza moja mkipakuliana! Na hata hilo halikuwa lenyewe hasa. Lenyewe hasa lilikuwa hili, kwamba kila asubuhi baba na mtoto walipanda mlima pamoja kwenda shule, baba akieleza mifumo, mtoto akisikiliza au akijifanya anasikiliza, na Mfumo hakuwa na saa tamu katika siku yake kuliko ile. Sasa akajiona anapanda peke yake, akiyaeleza mawe ya njiani jinsi ya kujaza katikati.

"Utapata namba," alisema.

Kushoto akatabasamu meno yote nje, akaenda kupaka viatu rangi. Alivipaka mpaka nyayo.

Kesho yake vijana wa mlimani walivalia kwenye darasa la kidato cha kwanza, madawati yamesukumwa ukutani, ubaoni bado kuna mchoro wa moyo wa binadamu ambao mtu ameuongezea masharubu. Mfumo alikuwa na jezi mikononi, anazigawa mojamoja, na alikuwa ameshaamua. Nakuhakikishia alikuwa ameamua: pembeni kushoto, mwanawe, liwalo na liwe. Mara dirisha likajaa uso. Ni mwalimu wa historia, amekuja na mwavuli wake kuwatakia heri, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Kushoto, akasema kwa sauti ya upole kwamba naona mtoto wa kocha leo viatu vinang'aa. Basi tu. Akaondoka zake. Lakini ule uamuzi wa Mfumo ulitoka nje pamoja naye, chini ya mwavuli uleule. Akampa jezi ya pembeni kushoto kijana mwingine, na mwanawe akamrushia jezi ya kumi na nne, akajaribu kuchangamka, akasema haya, namba yako hiyo.

Kushoto aliidaka, akaigeuza akaangalia mgongo wake.

"Hii si namba, Baba," alisema taratibu. "Hii ni jezi."

Darasa zima lilisikia. Mfumo akajifanya anatafuta filimbi yake, ambayo ilikuwa shingoni.

Ili asiangaliane na mtu, akageukia kikosi na kuanza kutoa maagizo. Timu ya Mama Kona ilikuwa na kijana mmoja hatari, mwembamba hadi wakamwita Njiti, soksi moja juu, moja chini, na miguu inayofikiri. Huyo ndiye aliyepika mabao yote ya bondeni. Dawa yake Mfumo alikuwa nayo: Gundi. Gundi alikuwa kiungo mkabaji mwenye mapafu ya chuma na kipaji kimoja kikubwa, nacho ni utii. Ukimwambia kaa hapa, mvua ikinyesha utamkuta hapo.

"Gundi, wewe leo kazi yako moja tu," Mfumo alimwambia. "Mkabe namba kumi wao. Aendako, uende. Akienda kunywa maji, kanywe naye."

Gundi alitikisa kichwa kwa uzito wa mtu anayekula kiapo mahakamani.

Mpira ukaanza. Na hapo sasa, jamani, hapo sasa. Jezi namba kumi ya bondeni siku hiyo alikuwa ameivaa beki wao wa kulia, kijana mnene, mpole, mwenye mwendo wa mtu aliyetoka kula, ambaye kila mtu anamwita Bonge. Njiti, namba kumi mwenyewe, yule fundi, alikuwa amevaa jezi namba tatu. Mfumo aliposema namba alimaanisha mahali. Gundi alisikia namba akaangalia migongo. Akamtafuta kumi, akamwona kule mwisho kabisa kwenye kona ya beki, akamwendea akamgandia.

Bonge hakuelewa. Katika maisha yake yote ya soka hakuna mtu aliyewahi kumkaba. Yeye ndiye hukaba watu, tena akiwafikia. Akasogea kulia, Gundi huyo. Akasogea kushoto, Gundi huyo. Akamuuliza kwa adabu kama wanafahamiana, Gundi hakujibu, alikuwa kazini. Bonge akainama kufunga kamba ya kiatu, na Gundi akasimama juu yake, mikono kiunoni, akasubiri. Bonge akatoka nje ya mstari kunywa maji, Gundi akatoka naye, akapewa chupa, akanywa.

Huku katikati, Njiti alikuwa anatembea kama yuko sebuleni kwao. Alifunga bao la kwanza bila haraka. Mfumo akaruka kutoka kwenye benchi, akapiga kelele namba kumi, namba kumi, mkabe namba kumi! Gundi, kutoka kule mbali, akamwinulia dole gumba kumhakikishia kwamba yuko imara. Njiti akafunga la pili. Mfumo akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka, na Gundi, akiona kocha anasisitiza, akazidi kusogea, mpaka Bonge akamlalamikia mwamuzi kwamba huyu bwana ananipumulia masikioni. Upande wa pili wa uwanja Mama Kona alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, amejishika mashavu kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika. Hakuwa analia.

Mapumziko, mbili bila. Vijana wakakaa kwenye nyasi, na Mfumo akamsimamia Gundi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nilikwambia umkabe namba kumi."

"Nimemkaba, Kocha," Gundi alisema, na alishangaa kweli. "Hajagusa mpira hata mara moja."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Amefanya ulichomwambia, kwa ukamilifu, mpaka maji amekunywa. Kisha kutoka kwenye benchi ikasikika sauti ya mtu anayejizuia asicheke na anashindwa. Ilikuwa ya Kushoto. Akacheka, kipa akacheka, mabeki wakacheka, Gundi mwenyewe akacheka bila kujua wanacheka nini, na mwisho Mfumo, aliyekuwa amejiandaa kufoka, akaona tumbo lake linamsaliti. Alicheka akiwa ameshika magoti. Timu iliyofungwa mbili, kwenye uwanja wake wa nyumbani, wanagaragara kwenye nyasi, hadi watu wa bondeni wakawa wananong'onezana kwamba hawa wamekunywa nini.

Kicheko kilipopungua, Kushoto akasogea karibu na baba yake. Alisema amekaa benchi karibu msimu mzima, na mtu wa benchi hana kazi nyingine ila kutazama. Wa kuandamwa ni yule wa soksi moja chini. Na Bonge, alisema, ndiye mlango wao. Hakimbii, hageuki, na hakuna aliyeliona hilo kipindi cha kwanza kwa sababu Gundi alisimama palepale akatuzibia mlango huo sisi wenyewe. Mtoeni Gundi pale, alisema, halafu mtu mwenye mguu wa kushoto apite.

Hakusema mtu gani. Alisema akaangalia chini, akachuma jani la nyasi.

Mfumo alitazama ng'ambo ya uwanja. Mwalimu wa historia alikuwa pale pale, chini ya mwavuli, na mvua haikuwepo wala jua. Mfumo aliangalia pembeni, usicheke, mtu anaweza kuogopa mwavuli. Halafu akamwangalia mwanawe, na akaiona ile jezi ya kumi na nne, safi, haina hata tone la tope wakati wenzake wote wamechafuka, na usafi ule ulimtia aibu ambayo hajawahi kuiona.

"Gundi," alisema, "mwone yule mwembamba, soksi moja juu moja chini. Huyo sasa ndiye wako. Bonge mwache kabisa, usimsogelee." Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe, ingia."

"Namba ngapi?" kijana aliuliza.

"Achana na namba. Nenda pale kwa Bonge, umpite mpaka nikwambie basi. Sitakwambia."

Kipindi cha pili kilikuwa raha tupu. Gundi alimgandia Njiti kiasi kwamba Njiti akaanza kutafuta njia ya kurudi nyumbani. Kushoto alipata mpira wa kwanza, akampita Bonge. Akapata wa pili, akampita Bonge, na Bonge alipomaliza kugeuka hakukuwa na mtu wa kumgeukia. Wa tatu alipita akaupiga ndani, ukamgonga mshambuliaji wa mlimani kwenye ugoko naye akiwa anafikiria mambo mengine, ukaingia. Mbili moja. Mfumo alimkumbatia mtu wa karibu, akaja kugundua baadaye kwamba ni mwamuzi wa akiba.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mlimani wakapata kona ya upande wa kulia. Kushoto akaubeba mpira mwenyewe, akaufuta kwa jezi, akauweka kwenye pembe. Alirudi nyuma, akaupiga. Mpira ulielekea mbali na goli kana kwamba una safari zake, kipa wa bondeni akauaga kwa macho, halafu ukapinda, ukamzunguka, ukazama kwenye wavu wa ndani kabisa. Hakuna aliyeugusa. Mbili mbili.

Na mtu wa kwanza kushangilia, mtu aliyeruka juu kuliko wote, kiti cha plastiki kikapinduka miguu juu, alikuwa Mama Kona. Pigo lile alimfundisha yeye, uani, ndoo mbili zikiwa milingoti. Alipiga vigelegele, akasema mwanangu huyo, akazunguka mara moja na nusu, ndipo akaona benchi lake lote limegeuka linamtazama. Akasimamisha kiti. Akavuta sketi yake vizuri, akakohoa, akawapigia makofi vijana wake kwa ukali, akawaambia amkeni, mmelala.

Wakaamka. Mpira wa mwisho wa mechi, bondeni wakapata kona, na wewe unajua kona ni za nani. Mlimani wote wakarudi nyuma, Gundi amemgandia Njiti, kila mtu na mtu wake, isipokuwa mmoja aliyesimama mbele ya goli peke yake, raha mustarehe, hana hata mtu wa kumsalimia. Mpira ukaja ukamkuta hapo. Bonge hakuruka, hakuhitaji. Alitikisa kichwa tu kama mtu anayekubali chai, ukaingia. Tatu mbili, filimbi, kwisha.

Mfumo alimtazama Gundi. Gundi alinyoosha mikono miwili.

"Kocha, huyo uliniambia nimwache."

Walipokuwa wanafungua nyavu, Mfumo alimwendea mkewe akitaka kujua, kiungwana tu, ni nani aliyeamua Bonge avae kumi. Mama Kona alisema jezi zilikuwa mbichi, kila mtu kapewa iliyokauka. Alisema hivyo akimtazama machoni bila kupepesa, na Mfumo, baada ya miaka yote ya ndoa, hakuweza kujua kama ni kweli. Mwalimu wa historia naye akaja na mwavuli wake, akauliza kijana yule walikuwa wamemficha wapi siku zote hizi.

"Benchi," Mfumo alisema. "Kwa kukuogopa wewe."

Alilisema waziwazi, na mara tu lilipotoka akajisikia mwepesi, akashangaa jinsi mwavuli ule ulivyokuwa mdogo. Mwalimu wa historia, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akaufunga mwavuli akaondoka.

Wakateremka mlima watatu, Mama Kona mbele na mfuko wa jezi zake, baba na mtoto nyuma wamebeba nyavu, kila mmoja ameshika upande. Mfumo alikuwa amefungwa tena, na alikuwa anapiga mluzi. Lakini ndani ya mluzi ule kulikuwa na jambo lililokuwa linamsumbua, kwa sababu ahadi aliyoitoa stoo aliivunja asubuhi mbele ya darasa zima, na nusu ya mechi haiwezi kuitwa namba. Alizunguka huku, akasifu kona, akazunguka kule, akalaumu mteremko wa uwanja. Mwisho akaishiwa pa kuzungukia.

"Sasa muhula ujao," alisema, na sauti ikamtoka ndogo. "Unahamia?"

Mama Kona alipunguza mwendo. Bila kugeuka alisema kwamba yeye haibi, ila kwa taarifa tu, nafasi ya pembeni kushoto kwake iko wazi, na anayeipata hakai benchi hata siku moja. Mfumo alishika ule wavu kwa mikono miwili.

"Hapana," kijana alisema. "Nikihamia kwa Mama, Mama atafungwa na nani?"

Mama Kona akasimama katikati ya njia. Alifungua mfuko, akachagua jezi iliyolowa tope kuliko zote, akageuka akamrushia mwanawe usoni. Mfumo alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na suruali yake ya kazi, wavu umemwangukia kichwani, anacheka na machozi yanamtoka, na ilibidi wote wawili wamvute mikono ndipo ainuke.